Mahali pa Mmea

Wanavyuoni wa zamani waliokaa wakipima maana ya maneno walifasili uadilifu kuwa ni kukiweka kila kitu mahali pake, na dhuluma wakaifasili kuwa ni kukiweka kitu mahali pasipokuwa pake. Nami niliyeisikia fasili hii nikiwa kijana juu ya mkeka wa msikiti, niliishi nayo miaka mingi nikidhani kuwa inahusu makadhi, mirathi, mizani ya wafanyabiashara na madaraka ya watawala, wala haikunipitia akilini hata siku moja kwamba itakuja kunihukumu mbele ya tangi la kioo lenye samaki wanane na mche mmoja uliokuwa ukioza.

Mche huo niliununua mjini kwa jina la mmea wa majini. Ulikuwa na shina lililonyooka lenye pingili mithili ya mwanzi, majani marefu yaliyochongoka, na mizizi ya rangi ya machungwa iliyojitandaza ndani ya gudulia. Na kwa kuwa mizizi ilikuwa majini, nami nilitaka kuamini nilichoambiwa, sikujiuliza kwa nini majani yake yalikuwa juu ya maji. Niliuzamisha wote mpaka ncha. Juma la kwanza haukuonyesha dalili yoyote. La pili, majani ya chini yakageuka manjano. La tatu, shina likalainika kama ndizi iliyopitiliza, na maji yakaanza kunuka. Nami nilizidi kuuhudumia: nikauongezea mwanga, nikatia mbolea, nikabadilisha maji kila baada ya siku mbili, na kadiri nilivyozidisha huduma ndivyo ulivyoharakisha kufa. Baadaye nilikuja kujua kuwa haukuwa mwanzi, ingawa watu huuita mwanzi wa bahati, wala haukuwa wa majini. Ulikuwa ni drasena, mti mdogo wa misitu ya Kameruni, ambao mizizi yake huvumilia maji lakini majani yake yameumbwa kuishi hewani, na kuuzamisha ni kuugharikisha. Sikuunyima kitu isipokuwa mahali pake, na katika kuunyima hicho kimoja niliunyima vyote.

Mjukuu wangu mwenye umri wa miaka tisa alisimama nami siku nilipoutoa. “Babu,” aliniuliza, “kwani mmea unasikia maumivu?” Nikamjibu kuwa sidhani, kwa sababu hauna ubongo wala mishipa ya fahamu. “Basi umeukosea nini?” Sikuwa na jibu siku ile, na maneno ninayoyaandika hapa ni jibu nililochelewa kumpa.

Watu wengi tumezoea kupima madhara kwa maumivu, na kipimo hicho si kibaya, kwa kuwa kimemwondolea punda mijeledi mingi. Lakini kina upungufu, nao ni kuwa hakituambii lolote juu ya viumbe visivyolia. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefuata katika jambo hili njia iliyofunguliwa na Aristotle, aliitaja nafsi ya mmea kuwa ndiyo daraja ya kwanza ya nafsi, yenye nguvu tatu: nguvu ya kujilisha, nguvu ya kukua na nguvu ya kuzaa mfano wake. Hakusema kuwa mmea unahisi, kwani hisia aliziweka katika daraja ya mnyama. Nami nafahamu kutokana na maneno yake kuwa mmea una jambo unaloliendea, na kwamba jambo hilo ni lake, halikukopwa kutoka kwetu. Jiwe ukilitia majini au ukilitoa, kwake ni mamoja. Mmea si mamoja kwake. Kitu chenye jambo linaloendewa kinaweza kuzuiwa kulifikia, na kukizuia bila ya haki ni kukikosea, kihisi au kisihisi. Na kama mtu atanipinga kwa kusema kuwa hili ni kuukuza mno mmea, nitamwuliza kwa nini moyo wake humsuta amwonapo mtoto akikwanyua maua ya njiani na kuyatupa bila ya sababu.

Lakini kukubali kuwa mmea una mahali pake hakutoshi kumwongoza mtu mahali hapo, kwa sababu mahali pa kitu hapajulikani mpaka kitu chenyewe kijulikane. Hapa ndipo ninapokumbuka kisa cha Adamu kama Qurani inavyokisimulia, kwamba baada ya kutangazwa kuwa khalifa atawekwa katika ardhi, jambo linalofuatia ni kufundishwa majina, na malaika, pamoja na usafi wao wote, wakakiri kuwa hawayajui. Naona ndani yake jambo ambalo sisi tufugao na tupandao hulisahau: Adamu hakuyabuni majina, aliyafundishwa. Kuna tofauti kubwa baina ya kukipa kitu jina na kujifunza jina lake. Aliyeniuzia drasena aliipa jina. Na mimi, kwa uvivu, nikalipokea. Ukhalifa wetu sote wawili ulianguka hapo, kabla ya tone la kwanza la maji.

Kujifunza jina la mmea wa majini ni kazi ya macho na vidole, nayo ina subira yake. Iko mimea minne ambayo mtu asiyezoea ataiona kuwa ni mmoja: shina jembamba lililovikwa majani madogo ya kijani tangu chini hata juu. Ukiuinua mbele ya dirisha na kuhesabu majani katika kila pingili, ukakuta matatu, aghalabu ni elodea. Ukakuta manne au matano, marefu zaidi, yumkini ni egeria. Ukapitisha kidole ukingoni mwa jani ukahisi meno mithili ya msumeno, hiyo ni haidrila. Na kama majani hayakupangika katika duara bali yanapanda shina kwa mzunguko kama ngazi ya mnara, huku kila moja limejikunja kuelekea nyuma, hiyo ni lagarosifoni, nayo ni mwana wa Afrika. Hali kadhalika iko mitatu yenye majani yaliyochanikachanika: kabomba, ambayo majani yake yaliyo majini husimama mawili mawili yakielekeana, kila moja kama upepeo mdogo juu ya kikonyo chake, miriofilamu, ambayo jani lake ni unyoya mtupu, na seratofilamu, ambayo jani lake hugawanyika panda kisha panda tena, na ambayo haina mizizi kabisa. Nimewaona watu wakiifukia seratofilamu mchangani kwa uangalifu mkubwa, wakaibana na mawe isielee, kisha wakashangaa sehemu iliyofukiwa inapooza. Nao walikuwa wakiushurutisha mmea uwe na kitu usichopewa na Muumba wake.

Ugumu mwingine ni kuwa mmea mmoja waweza kuwa na sura mbili. Mingi tunayonunua imekuzwa kwenye vitalu vyenye unyevu, majani yakiwa nje ya maji, magumu na yenye nta; ikiingizwa tangini, majani hayo hufa, na yanayochipua badala yake huwa membamba, laini, pengine ya rangi na umbo jingine, hata mwenye tangi akadhani amebadilishiwa. Kriptokorini, mimea ya mito ya Sri Lanka na Asia ya kusini mashariki, huzidi hapo: ikihamishwa tu kutoka maji haya kwenda maji yale, yaweza kuyeyusha majani yake yote kwa siku chache, pakabaki kisiki mchangani. Wangapi wameking'oa kisiki hicho wakakitupa jalalani, nacho kilikuwa hai! Mizizi ikiachwa, baada ya majuma kadhaa hutoa majani mapya yaliyokubaliana na maji mapya. Nimejifunza kwa kriptokorini kutotamka neno kufa upesi, na nakiri kuwa katika maisha yangu na wanadamu wenzangu nimelitamka neno hilo mara nyingi kabla ya wakati wake.

Anubia yataka maneno yake peke yake, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha wazi zaidi jinsi huruma isiyo na maarifa inavyoua. Ni mmea wa vijito vyenye kivuli vya Afrika ya magharibi na ya kati, wenye majani magumu ya kijani kibichi na shina nene lililalalo kama tangawizi. Schott, mtaalamu wa mimea aliyeupa jina lake mwaka 1857, aliliazima jina hilo kwa Anubis, mungu wa wafu wa Misri ya kale, kwa sababu ya kupenda kwake giza la msitu. Mtu mwenye mapenzi aliyezoea kupanda muhogo na migomba akiona shina limelala wazi, hulihurumia akalifukia mchangani, na shina likifukiwa huoza, mmea ukafa pole pole kwa miezi. Mahali pake ni juu ya jiwe au gogo, ukifungwa kwa uzi mpaka mizizi ishike yenyewe. Kisha mtu huyo huyo akiona majani yanatoka moja moja kwa majuma, hudhani mwanga hautoshi, akaacha taa ikiwaka tangu alfajiri hata usiku wa manane. Na mmea ulioumbwa kwenda taratibu hauwezi kuutumia mwanga wote huo, hasa kwa kuwa hewa ya kaboni husambaa ndani ya maji takriban mara 10,000 polepole kuliko hewani, basi ziada ya nuru huchukuliwa na mwani, ambao hutanda juu ya majani yasiyokua upesi mpaka yakavaa kanzu ya kijani isiyo yao. Saa 7 au 8 za taa kwa siku zinatosha, na kwa anubia hata pungufu yake.

Mmea hausemi, lakini haukunyimwa lugha. Naitrojeni ikipungua majini, mmea huiondoa katika majani yake makongwe ukaipeleka kwenye machipukizi, na ndiyo maana jani la chini hutangulia kugeuka manjano, kama mzazi anayesukuma sahani mbele ya wanawe akisema ameshiba. Potasiamu ikipungua, majani yale yale ya zamani hutoboka vitundu mithili ya vya sindano. Chuma, kinyume chake, kikishajengwa ndani ya jani hakiondoki kwa urahisi, kwa hiyo upungufu wake humdhuru mtoto kwanza: jani jipya la juu hutoka limepauka huku mishipa yake ikisalia kijani. Mwenye kujua haya huinama mbele ya tangi akasoma. Asiyejua huona tu kuwa mmea hauna afya, akamimina dawa ile ile kwa maradhi yote. Sina shaka kuwa kusoma huku ni ibada ya aina yake. Nasema hivi bila ya kutia chumvi, kwani ni kuielekeza akili yote kwa kiumbe kisichoweza kukulipa wala kukusifu.

Hapa hapana budi nikabili pingamizi iliyonikosesha usingizi. Ikiwa uadilifu ni kukiweka kitu mahali pake, je, tangi ni mahali pa nani? Hapana mmea ulioumbiwa kioo. Mto wa Kameruni, kijito cha Sri Lanka, bwawa la Marekani ya kusini: hizo ndizo nyumba, nami nimezitoa jamaa zake na kuzileta ukumbini mwangu Tanga, katika maji ya kisima kilichochimbwa kwenye jiwe la matumbawe, maji magumu ambayo sabuni haitoi povu ndani yake. Je, si dhuluma tangu mwanzo, na utunzaji wote unaofuata si pambo juu ya dhuluma?

Nilipata mwanga katika hadithi mashuhuri ya Mtume juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Wanavyuoni walioifafanua walizingatia kuwa kosa lake lilikuwa na pande mbili zilizofungamana: alimfunga, wala hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie riziki yake katika ardhi. Paka wa njiani asiye na chakula hakuwa juu ya shingo ya mwanamke yule; mlango ulipofungwa ndipo deni lilipoandikwa. Basi nafahamu hivi: anayekitoa kiumbe mahali pake hajadhulumu kwa kukitoa tu, lakini amejitwika deni la kuwa yeye ndiye mahali pake. Awe mto wake na mvua yake, jua lake na machweo yake, na konokono wake alaye majani yanayooza. Kila kitu ambacho kijito kilitoa bure, yeye atakitoa kwa mkono, kwa kipimo, kila siku, wala hatapumzika kwa kisingizio cha safari au uchovu, kwa kuwa kijito hakisafiri.

Deni hili si dogo, na historia inashuhudia jinsi watu walivyotaabika kuligundua. Mnamo 1779 tabibu Ingenhousz alichapisha London majaribio yake, ambamo aliyatia majani ndani ya maji na kuona vipovu vikipanda yalipowekwa juani, navyo vikakoma yalipowekwa gizani, akathibitisha kuwa mmea huitakasa hewa kwa nuru tu. Miaka sabini baadaye mkemia Robert Warington, katika mji ule ule, aliwaweka samaki wawili wa dhahabu pamoja na valisneria katika chombo kimoja, akitaraji kuwa mmoja atamlisha mwenziwe pumzi; mambo yakaenda vema mpaka majani makongwe yalipooza na kuyachafua maji, na hakupata utulivu mpaka alipoongeza konokono, ambao walikula uozo, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Mwaka 1850 akaitangaza habari hiyo mbele ya wanakemia wenzake. Nikisoma habari ya Warington sioni fahari ya mtu aliyeumba ziwa dogo. Naona mtu aliyegundua, kwa aibu ya maji yaliyovundia, kuwa mizani aliyoikuta duniani ilikuwa na mkono wa tatu ambao hakuuhesabu.

Kwa maji yangu magumu niliacha kutamani mimea ya maji laini, nikachagua valisneria, yenye majani kama utepe, ambayo hukua katika maziwa yetu makuu, na ambayo huweza kujipatia kaboni hata katika maji magumu. Ilinikubali. Ilituma vitambaazi mchangani, na kila kitambaazi kikatoa mtoto, hata baada ya mwaka tangi likawa msitu na ikanibidi kupunguza. Hapo mjukuu wangu, kwa wema wa moyo wake, alinishauri tuyapeleke machipukizi ya ziada katika kijito kilicho nyuma ya shule, yapate uhuru. Ilinilazimu kumketisha barazani na kumweleza habari ya gugu maji: kwamba lilichukuliwa Marekani ya kusini kwa uzuri wa ua lake la zambarau, likapambwa mabwawani pa watu, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likawa limefika Ziwa Viktoria, likaziba mialo na bandari, likawazingira wavuvi ndani ya ghuba zao, mpaka katika miaka ya 1990 wakaletwa fukusi wadogo wa kulila, ambao asili yao ni huko huko lilikotoka gugu. Nikamweleza pia kuwa nasi tumewapelekea wengine, maana lagarosifoni ya kusini mwa Afrika, iliyosafiri katika biashara ya matangi, imesonga maji ya Nyuzilandi na ya Ayalandi. Mmea ule ule, usio na hatia kwao, huwa balaa pasipokuwa pake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe hata kuachilia kunaweza kuwa kukosea.” Tangu siku hiyo machipukizi ya ziada tunayaanika juani juu ya gunia mpaka yakauke kabisa, ndipo tukayafukia chini ya mdimu uani.

Nilidhani nimelipa deni, kwa kuwa valisneria ilijilisha na kukua, nayo ikaongezeka. Lakini mwaka huu, kabla ya Ramadhani, iliniletea jambo ambalo sikulitegemea. Kikonyo chembamba kama uzi, kilichojizungusha mithili ya waya wa chemchemi, kilipanda kutoka chini mpaka usoni mwa maji, na ncha yake ikafunguka ua moja jeupe, dogo kuliko punje ya mchele. Hilo ni ua la kike. Maua ya kiume hukaa chini katika mmea mwingine, madogo yasiyoonekana vizuri kwa jicho. Yakikomaa hujikata, yakaelea juu na kusukumwa na upepo mpaka yaliguse ua lingojalo, na likishachavushwa kikonyo hujikunja tena, kikalivuta tunda chini, mbali na mawimbi. Nguvu ya tatu ya Ibn Sina ilikuwa imesimama mbele yangu, na hapakuwa na wa kuijibu, kwa kuwa msitu wangu wote umetokana na mama mmoja kwa njia ya vitambaazi, na katika valisneria ya kike hapatoki ua la kiume. Lilikaa pale siku kadhaa likigeukageuka kwa pumzi ya feni, kisha likasinyaa.

Mjukuu aliniuliza lilikuwa likingoja nini, na safari hii nilimjibu. Jioni ile nilimwandikia sahibu yangu wa Mombasa, ambaye valisneria zake zilitoka mahali pengine kwa mama mwingine, nikamwomba machipukizi mawili kutoka katika mmea uliowahi kutoa maua ya chini. Yalifika juzi kwa basi, yamefungwa ndani ya gazeti lililoloweshwa maji, na majani mawili yamevunjika njiani. Tumeyapanda upande wa dirisha, ambako feni hufika.